Nafasi ya Tarumbeta ya Pili

9 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo, tena shikamoo ya malimbikizo, maana tangu kimbunga kitutawanye sijapata kukuamkia. Yule dereva wa lori la misaada alitufikishia salamu zako na kutuambia barua zimeanza kufika huko, ndiyo nimeshika kalamu.

Sisi tuko hai. Mama watoto hajambo, anakusalimu sana. Binti mkubwa ameanza shule na tayari amegombana na mwalimu wake wa hesabu, kwa hiyo ujue ni mzima. Mdogo naye kila wingu likitanda anapanda kitandani na viatu vyake mkononi, na hashuki mpaka mama yake ashike sakafu na kumwonesha kiganja kikavu.

Tumepanga vyumba viwili juu ya duka la rangi. Hata chai inanuka rangi. Nimepata kazi kwenye kiwanda cha kufua na kupasi shuka za hoteli. Mashine zinanguruma kutwa nzima, hakuna anayemsikia mwenzake, na wote tunavaa barakoa kwa sababu ya vumbi la pamba. Kwangu mimi inafaa.

Mjomba je? Mara ya mwisho kumwona mumeo huyo, maji yalikuwa kiunoni, amejitwika tromboni yake kichwani kama mtu anayetoka sokoni, anarudi ukumbini kwa bendi kufuata ngoma yako. Nilimwita, akanipungia mkono. Baada ya hapo mabati yakaanza kuruka na kila mtu akawa na lake. Mimi nilipata mikwaruzo tu. Mwambie aniandikie mwenyewe, hata mistari miwili, asijifiche nyuma yako.

Mwanao

2 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, na zile za malimbikizo zote nimezipokea. Barua yako ililetwa na mtu wa posta kwa miguu, suruali ameikunja mpaka magotini. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kisha akaketi akasubiri niisome kwa sauti. Sasa mtaa mzima unajua ugomvi wa binti yako na hesabu, na wengi wako upande wa binti.

Mimi ni mzima. Kifua kinakohoa kidogo kwa ukungu wa kuta, lakini mdomo haujapungua makali. Duka letu la mikate linaendelea na kazi, maana tanuri letu ni la kuni na matofali, halikuwa na shida na mambo ya umeme. Watu wanaleta unga wowote walionao, mwingine umeloa upande mmoja. Tunachanganya, tunaoka, kila mtu anaondoka na mkate wake, na hakuna anayeuliza unga wa nani umeingia kwa nani. Nyumba imeloaloa, tutaona.

Sasa nikupe habari yenyewe. Vyombo vya bendi tumevipata, vingi vyake. Tuba ilikuwa imejaa tope mpaka shingoni. Tulipoigeuza ikatoka ndala ya kike ya mguu wa kushoto, na mpaka leo Mwalimu, kiongozi wetu na klarineti yake, anaapa hajui ni ya nani. Tulicheka kwa mara ya kwanza tangu ile siku. Ngoma yangu imepona.

Jumapili tulitoka. Tulikuwa watano, mwanangu, bendi ya watu kumi na wanne. Wengine wametawanyika kama wewe, wengine hatujui waliko. Nilidhani Mwalimu atapanga nyimbo upya ili watu watano watoshe, lakini alikataa katakata. Sheria ni ileile, alisema. Wewe unaijua, umekulia humo: mtu akikosekana, sehemu yake haipigwi na mwenzake. Tunafika pale, tunanyamaza kwa urefu wa sehemu yake, tunaendelea. Anayekufa tu ndiye anayepewa mrithi. Unakumbuka ulipougua surua? Mtaa ulisikia hakuna tarumbeta ya pili, na kabla bendi haijafika kona ya mshona viatu watu walishajaa mlangoni kwenu na machungwa. Hatukuwahi kuhitaji tangazo la mgonjwa hapa. Watu walikuwa wanasikia wenyewe.

Basi hebu fikiria wimbo wetu wa kutembea ukipigwa na watu watano. Zaidi ya nusu ni kimya. Ngoma yangu dum, dum, kisha hakuna kitu, miguu tu kwenye tope. Kisha klarineti peke yake, kama mtu anayeongea na ukuta. Watu walitoka kwenye vifusi wakasimama kando ya barabara, na hakuna aliyepiga makofi, maana kila pengo walijua ni la nani. Nililia huku napiga, na sioni haya kukuambia.

Nafasi yako iko wazi. Unakuja lini?

Shangazi yako

28 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imesomwa hapa mpaka imechanika kwenye mkunjo. Mama watoto alicheka habari ya ndala mpaka akakaa chini. Binti mkubwa anawashukuru wote wanaomuunga mkono kwenye kesi yake. Mdogo bado na viatu vyake, ila sasa anaweka kimoja tu kitandani, nadhani ni maendeleo.

Kuhusu kuja, ni vigumu kusema. Kazi ndiyo kwanza imeshika, na watoto wako katikati ya muhula. Tarumbeta iko salama chini ya kitanda, ndani ya mfuko wake, haikuingia maji hata tone. Hapa siipigi, jirani ana mtoto mchanga.

Lakini hujaniambia habari za Mjomba. Umeandika habari za unga, za tope, za ndala isiyo na mwenyewe, na mumeo hata salamu hana. Nilipofika kwenye wale watano nilianza kuwatafuta mmojammoja: wewe, Mwalimu, mtu wa tuba. Nikasoma tena kutafuta tromboni. Sikuiona.

Mwanao

14 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kulikuwa na mikate mingi. Wasalimie wote, na huyo mdogo mwambie hata mimi nililala na viatu miguuni mwezi mzima, na nina umri wa kutosha kujua aibu.

Umeme umerudi upande mmoja wa barabara, kwa hiyo upande wa pili wanapitisha nyaya madirishani na usiku mtaa umefungwa kamba kama kifurushi. Mshona viatu amefungua tena, bila ukuta wa mbele. Bendi sasa tuko tisa.

Unamkumbuka Mzee Dirisha? Yule wa ghorofani mkabala na ukumbi, aliyekuwa akifunga dirisha kwa kishindo kila tukianza mazoezi, mpaka akatushtaki kwa viongozi wa mtaa kwamba tunamkosesha usingizi saa kumi alasiri. Kimbunga kiliondoka na dirisha lenyewe, fremu na kila kitu. Juma lililopita tulipita chini ya kwake. Tukafika sehemu yako, tukanyamaza. Nikasikia huko juu mtu anaimba kwa kufumba mdomo. Ilikuwa tarumbeta ya pili, yote, hata pale unapopenda kuchelewa makusudi ili Mwalimu akunje uso. Nikainua macho. Mzee Dirisha amesimama kwenye tundu la ukuta na fulana yake ya kulalia, machozi yanamtoka, anaimba. Miaka yote ile ya kutuchukia, mwanangu, kumbe alikuwa anajifunza.

Mshona viatu akadakia. Kisha wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji. Mwalimu akainua mkono, bendi ikasimama. Uso ulikuwa umemwiva. "Nafasi ya mtu haijazwi!" akasema. "Hiyo ndiyo sheria, na nyote mnaijua."

"Sheria ni yenu nyinyi wenye bendi," Mzee Dirisha akamjibu kutoka juu. "Mimi nimewahi kuwa mwenzenu? Nilishawahi kuwapenda? Basi niache niimbe kwangu!"

Mwalimu akainua klarineti. Tangu siku hiyo kila tukipita, barabara inaimba mapengo yote, na kila nyumba inachukua pengo la mtu iliyemzoea. Nataka usikie jambo hilo kwa masikio yako, kwa sababu mimi sina uwezo wa kuliandika.

Simu nazo zimerudi. Nimekupigia mara kadhaa, kila mara anapokea mkeo: uko kazini, umelala, umekwenda kununua chumvi. Mnakula chumvi kiasi gani huko? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Una nini?

Shangazi yako

20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Watoto hawajambo.

Kazini tuliruhusiwa kuchukua shuka zilizochanika pembeni. Mama watoto akazipinda vizuri, tukakutumia kwa kampuni ya mizigo, kwa anwani ya nyumbani. Kifurushi kimerudi leo. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: nyumba haipo.

Sasa naelewa kwa nini barua zangu zinafika. Mtu wa posta anakufuata wewe, hafuati anwani. Uliniambia imeloaloa. Unalala wapi, Shangazi? Nani anakupikia ukikohoa? Na Mjomba, nauliza kwa mara ya tatu. Nadhani jibu ninalo, ila sitaki kulipata kwa kukisia.

Kuhusu nafasi yangu, mwambie Mwalimu aifunge. Ampe mwingine tarumbeta ya pili. Usiniulize sababu. Tutakaa hukuhuku.

Mwanao

5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina salamu ndefu.

Nyumba iliondoka. Kimebaki kizingiti na ngazi za kuingilia. Jioni nyingine huwa naketi pale kama mtu anayesubiri kufunguliwa mlango. Nalala stoo ya unga, nyuma ya tanuri, na nina joto kuliko nyinyi nyote. Nikikohoa wananipikia watu wengi kupita kiasi, kila mmoja na dawa yake, na zote chungu.

Mume wangu alifika ukumbini. Nalijua hilo kwa sababu ngoma yangu ilikutwa juu kabisa, imefungwa kwenye boriti kwa mkanda wake wa suruali, kavu. Yeye hakuonekana. Ndiyo maana ngoma ile naipiga lakini siwezi kuizungumzia. Nilikuwa nikifika kwenye barua mahali pa kumtaja, mkono unaandika unga.

Miezi yote hiyo tulifika kwenye sehemu ya tromboni tukanyamaza, mtaa ukaimba, na mimi nikajidanganya kwamba naye yuko mji fulani, kazini, amelala, amekwenda kununua chumvi. Mwezi uliopita walizibua mtaro mkuu nyuma ya ukumbi wakamkuta. Nilimtambua kwa pete. Tumemzika.

Jumapili iliyofuata, kabla hatujaanza, nikamwambia Mwalimu afunge nafasi ya mume wangu. Tulipiga wimbo mara moja na pengo lake. Safari hiyo barabara haikuimba. Hakuna aliyewaambia wanyamaze, na kilikuwa kimya kizito ambacho sijawahi kukisikia mtaani kwetu. Kisha binti wa mshona viatu akaingia kwenye mstari na tromboni ya kuazima. Alipiga vibaya sana, na nilimpenda kwa ubaya ule.

Sikukuandikia kwa sababu wewe ndiye wa mwisho kumwona, tena akipunga mkono. Nilitaka abaki hivyo mahali fulani, hata kama ni kichwani mwako tu.

Sasa wewe unaniambia nikamwombe Mwalimu afunge na yako. Nisimame tena pale na fimbo ya ngoma mkononi, nisikilize pengo la mwisho la mtu ambaye yuko hai anapasi shuka! Huna huruma? Nafasi hufungwa na kifo. Kama umekufa, mkeo aniandikie. Kama hujafa nataka sababu, na niione kwa mwandiko wako.

Shangazi yako

22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole. Nimeliandika neno hilo nikalitazama, ni dogo mno, lakini sina lingine. Nimemlilia Mjomba kazini, nyuma ya barakoa, katikati ya mvuke. Hakuna aliyejua. Mama watoto amewaambia watoto. Mdogo aliuliza kama Mjomba alikuwa na viatu.

Unataka sababu. Bati lililoruka baada ya Mjomba kunipungia mkono lilinipata mdomoni. Meno yote ya juu ya mbele yametoka. Mdomo wa juu ulishonwa kwenye kambi ya misaada na daktari ambaye hakuwa amelala, watu wamejaa mlangoni wakisubiri zamu, nami simlaumu. Umepona, lakini umekaa upande, na nusu yake hata nikiibana kwa kucha sihisi kitu. Meno ya bandia yanawezekana. Mdomo hapana, nimeuliza kwa madaktari wawili.

Tarumbeta nimeijaribu mara moja, watoto wakiwa shule. Ilitoka hewa na mate. Nikaifuta, nikairudisha chini ya kitanda. Hakuna jirani mwenye mtoto mchanga, Shangazi. Na maneno yangu yanapiga mluzi, ndiyo maana sipokei simu. Ungejua kwenye shikamoo.

Nikirudi hapo bila tarumbeta nitakuwa nani? Tangu nina akili zangu sijawahi kupita barabara ile Jumapili bila chombo mdomoni. Nitapita nyuma ya bendi watu wananitazama kwa huruma, kisha wanageuza macho upande kwa adabu. Nilitaka mnifungie nikiwa mbali, nisimsikie mwingine akipiga sehemu yangu. Na uliponiandikia kwamba mtaa mzima unaiimba, niliumia zaidi, maana mngetarajia nije niipokee. Huo ndio ukweli wote. Nimechoka kununua chumvi.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, hata ile yenye mluzi. Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikakanda unga kwa hasira mpaka mikate ya siku hiyo watu wakaja kuuliza tumebadilisha nini. Mkeo mwambie namheshimu. Amenidanganya miezi kadhaa kwa sauti ya upole na sikumshika hata mara moja.

Barua yako nimemsomea Mwalimu peke yake, mlango umefungwa, mtu wa posta yuko nje amenuna. Akasema sheria yetu haikuwahi kumfikiria mtu wa namna yako. Mgonjwa hupona akarudi, marehemu huzikwa akarithiwa, lakini huyu yupo na hawezi. Nikamwambia basi sheria ikae imfikirie sasa, mimi naona mkate unaanza kuungua lakini siondoki hapa. Tumebishana. Uliungua kweli, tanuri zima. Mwisho amekubali hivi: nafasi ya tarumbeta ya pili haifungwi na haipewi mtu, mradi mwenyewe asimame mahali pake kwenye mstari, na chombo au bila chombo.

Umeuliza utakuwa nani. Mimi hapa sina nyumba wala mume. Mzee Dirisha hana dirisha. Mwalimu ana klarineti lakini sikio moja liliingia maji na halijafunguka, anatuongoza kwa upande. Mtaani kwetu hakuna aliyebaki mzima, mwanangu. Ungekuja na meno yako yote ungetuaibisha.

Sitakudanganya kwamba haitauma. Tutafika kwenye sehemu yako, bendi itanyamaza, watu wataimba kitu ulichokuwa unapiga wewe, na utakisikia ukiwa umesimama mikono mitupu. Itauma wiki hii na wiki ijayo. Mimi kila Jumapili nasikia tromboni ya yule binti, anaanza kuwa mzuri, na ninavyofurahi ndivyo ninavyoumia, na ngoma naipiga.

Watoto waje na viatu vyao vyote. Stoo ya unga ina nafasi mpaka tutakapojenga, na barabara nzima imeshaanza kugombania nani awalaze.

Ukiweza kuimba, imba, kwa kufumba mdomo hakuna anayehitaji meno. Ukiweza mluzi, piga mluzi, Mwalimu atakunja uso na sisi tutafurahi. Na usipoweza chochote, basi. Lakini kama ni kunyamaza, njoo unyamaze hapa, kwenye mstari, kushoto kwangu.

Shangazi yako